Shangazi, niuze kiwanja nifungue karakana ya chambo?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 36, naishi Tanga mjini na nafanya kazi ya ukarani kwenye ghala. Nina mke na binti wa miaka minne, na mtoto wa pili yuko njiani, mimba ina miezi mitano. Uvuvi si kazi yangu. Ni kitu nilichokipenda tangu utotoni, nilipokuwa nikimfuata mjomba wangu Sahare kutupa mshipi. Nilipoanza kupata mshahara nikawa Jumamosi nachangia mafuta kwenye boti ya rafiki yangu, tunakwenda kuvuta nguru na kolekole.

Chambo bandia cha dukani hakipungui shilingi 15,000, na nguru akikata mshipi mara moja, pesa yote imezama. Ndiyo sababu miaka minne iliyopita nilianza kuchonga changu. Natumia mti wa msufi kwa kuwa ni mwepesi. Nachonga samaki wa urefu wa shubiri, nampiga msasa, namtia risasi kidogo, ile metali nzito, tumboni ili asipinduke, nampaka rangi, nambandika karatasi inayong'aa ya pakiti za sigara, halafu namalizia kwa vanishi. Mdomoni naweka kijibati kinachomfanya acheze akivutwa. Shangazi, kijibati hicho kilinichukua miaka miwili kukielewa. Ukikilaza kidogo tu kupita kiasi, samaki anazunguka kama pangaboi. Ukikisimamisha mno, anapita majini kama kijiti. Nimekesha sana kwa ajili ya kijibati hicho na sijajutia hata usiku mmoja.

Mwaka jana niliwapa wavuvi watatu wa mwalo wa Deep Sea chambo changu wanijaribie. Mmoja alirudi na nguru wanne kwa siku moja, na baada ya hapo simu yangu haikutulia. Nikaanza kuuza kimoja kimoja kwa shilingi 5,000. Nikaongeza na chubwi, vile vizito vya kuzamishia mshipi, maana hizo ndizo zinazotoka haraka. Jioni nikitoka kazini nayeyusha risasi uani kwenye jiko la mkaa na kuimimina kwenye kalibu ya udongo. Risasi naipata gereji, vile vizito vya kusawazishia magurudumu, na nyingine naitoa kwenye betri kuukuu. Binti yangu hukaa nami hapo. Zikishapoa anazipanga mstari na kunihesabia.

Sasa mwenye duka moja la vifaa vya uvuvi Ngamiani ameniita. Anataka vyambo 500 vya mbao ndani ya wiki sita. Atanipa shilingi 4,000 kwa kimoja, nusu nikikabidhi, nusu akishauza. Mbao, ndoana, rangi na vikorokoro vingine vinanigharimu 2,500, kwa hiyo faida ni 1,500 mara 500, yaani shilingi 750,000. Hizo kwangu ni nyingi. Kimoja kinanichukua kama dakika 40 ukiacha muda wa kukausha, na katika kila kumi viwili hupasuka. Nimefikiri ninunue msumeno wa umeme, mashine ya kuchongea na kompresa ya kupulizia rangi. Kiwanja chetu cha Pongwe kikiuzwa kinatosha mashine zote, na kitabaki cha kutulisha miezi michache nikiacha kazi.

Mke wangu hataki kusikia. Anasema kiwanja kile kimo ndani yake kikoba chake cha miaka mitatu, na kwamba nimekuwa mgeni nyumbani kwangu, nakula nikiwa na msasa mkononi. Tumefika mahali tunazungumza kupitia kwa mtoto.

Kuna mambo mengine mawili yananisumbua. Mwezi uliopita mvuvi mmoja alinijia na hasira. Nguru mkubwa alichomoa skrubu ya mkiani akaondoka na ndoana, na chambo kikabaki kinaelea. Alikirusha miguuni pangu mbele ya watu. Na juzi mteja mwingine ameniwekea mezani shilingi 300,000 nimtafutie na kumshonea nyavu za nailoni ya uzi mmoja, zile nyembamba zisizoonekana majini. Anasema mkono wangu ni mzuri na mimi si mtu wa kushukiwa.

Halafu kuna hili ambalo sijamwambia mtu. Sijaenda baharini miezi mitatu sasa. Kila Jumamosi nachonga. Juzi nilipita Raskazone nikaona bahari imetulia kama mafuta, nikajisikia kulia.

Nifanye nini?

Mvuvi wa Jumamosi, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza habari za kiwanja, na nitakujibu. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu macho yangu yalikataa kusogea kutoka mstari mmoja ulioupita haraka: binti wa miaka minne anayepanga chubwi zikishapoa. Tuanze hapo, na leo usiyeyushe chochote kabla hujamaliza kusoma.

Risasi ni sumu. Haikuui siku hiyo, ndiyo maana watu wanaizoea. Inaingia kwa vumbi na moshi, na kwa mkono ulioigusa kisha ukashika mkate, halafu inajificha mifupani kwa miaka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo akiimeza, mwili wake hufyonza mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Inaharibu ubongo unaokua, na kilichoharibika hakirudi. Mwanamke mjamzito naye, risasi iliyokaa mifupani mwake hutoka wakati wa ujauzito ikamfikia mtoto tumboni. Kwako wamo wote wawili, mtoto na mjamzito, na jiko liko uani.

Betri kuukuu ndizo mbaya zaidi, kwa sababu ndani yake risasi imeshakuwa unga na imelowa tindikali. Jirani zetu wa Mombasa wanalijua hili kwa machungu. Mtaa wa Owino Uhuru ulikaa miaka na kiwanda cha kuyeyusha betri, watoto wakaugua, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kile kilikuwa kiwanda na lako ni jiko moja, lakini binti yako yuko hatua mbili kutoka kwenye jiko hilo.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye leo. Risasi yote, chubwi zote na kalibu zitie kwenye ndoo yenye kifuniko, uzitoe nje ya nyumba. Betri zirudishe zilikotoka. Jiko hilo na sufuria uliyoyeyushia visiingie tena jikoni kupikiwa chakula, hata vikisuguliwa vikang'aa. Uani usifagie pakavu, maana ufagio utalipandisha vumbi hewani. Mwagia maji kwanza, kwangua udongo wa juu palipokuwa na jiko, uufukie mbali na kisima na mahali watoto wanapochezea. Nguo zako za kazi zifuliwe peke yake. Kisha mchukue mkeo na binti muende hospitali ya Bombo, mkamweleze daktari kila kitu bila kuficha: mmeyeyusha risasi kwa muda gani, wapi, na mama ana mimba ya miezi mingapi. Muulize kipimo cha damu cha risasi kinapatikanaje, hapo au kwa kupeleka sampuli kwingine. Sikutishi. Nilisimama nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya uvuvi miaka 14, nikiuza chubwi kwa mkono na kumega andazi kwa mkono huohuo, kwa sababu hakuna aliyeniambia.

Basi, chubwi zako zitakufa? Hazitakufa. Zitabadilika umbo. Risasi ina uzito wa gramu 11.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo, chuma kina 7.8 hivi. Maana yake chubwi ya chuma ya uzito uleule inakuwa kubwa karibu nusu tena. Kwa mvuvi wa mshipi wa mkono anayevua changu na chewa, tofauti hiyo inavumilika. Nenda kwa wauza vyuma chakavu ukatafute mabaki ya nondo. Nondo ya milimita 16 ina kilo 1.58 kwa mita, kwa hiyo kipande cha sentimita 13 ni kama gramu 200. Kikate, kilainishe ncha, kitobolee tundu, kipake rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Hakihitaji moto wala kalibu. Na tumboni mwa samaki wako wa mbao tia kipande cha chuma badala ya risasi. Itabidi shimo liwe refu kidogo na ujaribu upya namna anavyokaa majini. Mtu aliyekesha miaka miwili na kijibati hashindwi na hilo.

Sasa tuje kwa yule mvuvi mwenye hasira. Mwanangu, alikuwa na haki. Natamani nikwambie vingine, lakini baba yangu alikuwa msukaji wa dema, ile mitego ya samaki, Kigombe na ningekuwa namsaliti. Mvuvi akinunua kitu mkononi mwako, ameshalipa mafuta, barafu na posho ya vijana wawili juu ya kitu hicho. Nguru aliyeondoka na ndoana yako kaondoka na mafuta ya watu.

Kosa lako liko palepale ulipojisifia. Msufi ni mwepesi kwa sababu ni laini, na mti laini haushiki skrubu. Ukikaa majini unakunywa, unavimba, ukianikwa unasinyaa, na kila mara tundu la skrubu linapanuka. Ukaja samaki mkubwa, na nguru anaweza kupita kilo 40, skrubu ikatoka kama jino la mzee. Dawa yake wachongaji wengi wa chambo duniani wanaijua: waya mmoja wa stenlesi upite mwilini mwote, kuanzia pete ya mdomoni unapofungwa mshipi, hadi pete ya mkiani inapokaa ndoana. Pasua mfereji mwembamba tumboni kwa urefu, laza waya, ujaze gundi ngumu ya vichupa viwili iliyochanganywa na unga wa mbao. Hapo hata mbao ikipasuka vipande, samaki bado yuko kwenye waya. Kabla ya rangi, mchovye kwenye vanishi nyepesi aishibe, akauke, mchovye tena. Pete, waya na ndoana viwe vya chuma cha aina moja kadiri unavyoweza kupata, maana vyuma viwili tofauti vikigusana kwenye maji ya chumvi, kimoja kinaliwa upesi.

Kisha vijaribu kabla ya bahari kuvijaribu. Funga chambo juu ya tawi la mwembe, mkiani uning'inize dumu la lita 20 lililojaa maji. Hizo ni kilo 20. Liache lining'inie usiku kucha, asubuhi ulitikise kwa nguvu, kwa sababu samaki hauning'inii uzito wake kwa utulivu, anaushtua. Katika kila vyambo kumi, toa kimoja ukiue namna hiyo, ongeza mawe hadi kivunjike, uandike kilivunjikia wapi. Na kila kimoja kichore alama ndogo tumboni ya mwezi ulipokichonga. Kikirudi kimeharibika utajua ni gundi ya lini, mbao ya nani.

Kule Finland, mwaka 1936, mvuvi mmoja aitwaye Lauri Rapala alikaa akachonga samaki wa gome la koki kwa kisu cha fundi viatu. Alimfunika kwa karatasi ya chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na vanishi ya kuzuia maji, aliyeyusha filamu za picha akampaka. Unaona, hata karatasi yako ya sigara ina ndugu yake. Alichokuwa anakitafuta ni mwendo wa samaki aliyejeruhiwa, yule ambaye mkubwa anamchagua katikati ya kundi. Jina lake sasa limo kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi dunia nzima, na kampuni yake ilishika desturi ya kukijaribu kila chambo majini kabla hakijauzwa. Yako yapitishe kwenye maji ya Sahare hata kwa mkono, ukitembea kwenye kina cha kiuno.

Jaribio la wavuvi nalo lifanye vizuri zaidi ya ulivyofanya. Nguru wanne wa siku moja ni bahati ya siku moja. Tafuta wavuvi watano wanaovuta mshipi, kila mmoja avute chambo chako upande mmoja wa chombo na cha dukani upande wa pili, saa ileile, na katikati ya safari abadilishe pande. Wakirudi usiwaulize kama kimevua. Waulize maji yalikuwa ya rangi gani, bamvua au maji mafu, walikimbia mwendo upi, chambo kilipanda juu au kilizama, rangi ilibanduka wapi. Mvuvi hujibu maswali ya kazi kwa furaha kubwa, na majibu yake ndiyo mtaji ambao mwenye duka hana.

Haya, hesabu. Nimeikalia kwa kalamu.

Umesema viwili katika kumi hupasuka. Basi ili upate 500 lazima uchonge 625. Dakika 40 kila kimoja ni dakika 25,000, zaidi ya saa 416. Ukifanya saa tatu kila usiku, hizo ni siku 139. Umepewa siku 42. Mashine zitapunguza kukata na kuchonga, lakini msasa, kijibati na rangi ni mkono wako, na mkono ni mmoja.

Fedha nazo. Vifaa vya 2,500 kwa kila kimoja unachokigusa, na viwili vinatupwa. Ongeza waya na gundi nilizokushauri, tuseme 700. Inakuwa 3,200, na vyambo kumi ni 32,000, unabaki na vinane vizima. Gawa. Kila kimoja kizima kimekugharimu 4,000 kamili. Bei anayokupa mwenye duka ni gharama yako, mwanangu. Utakesha miezi kumpa mtu bidhaa bure, na nusu ya pesa hiyo utaisubiri hadi auze. Ile 750,000 uliyoiona haipo, na kiwanja kingekwenda kuifuata.

Mrudie kwa heshima. Mwambie kazi umeipenda, ila utampa 60 kwanza, vyenye waya, vilivyojaribiwa, kwa 7,000 kila kimoja, pesa taslimu anapopokea. Cha nje anakiuza 15,000, nafasi ya faida yake ipo. Kwa vizima 60 utachonga 75. Tuseme kwa waya kila kimoja sasa kinakula saa nzima: hizo ni saa 75, siku 25 za saa tatu, na wiki sita zinakutosha huku Jumamosi zako zikibaki huru. Ukitoa gharama unabakiwa na 180,000. Akikataa, wavuvi wako wa Deep Sea wapo, waliokuwa wakinunua kwa 5,000 kitu chenye skrubu. Waeleze waya ni nini, wakamate wakivute. Ukipata namna ya kupunguza vile viwili vinavyopasuka, na nadhani utaipata kwa kukausha mbao muda mrefu zaidi kivulini kabla ya kuigusa kwa kisu, kila kimoja utakachookoa ni faida usiyoikopa popote.

Msumeno na mashine usinunue sasa. Tanga haina uhaba wa maseremala wenye mashine. Mpe mmoja kielelezo, akukatie vibao 75 kwa umbo la jumla, wewe umalizie. Utajua haraka kama mashine inakusaidia kabla hujaimiliki. Ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, iko mkoani, nenda ukaulize mafunzo na vifaa vya viwanda vidogo, hiyo ndiyo kazi yao. Chuo cha uvuvi cha Mbegani, Bagamoyo, chini ya FETA, wakala wa serikali wa mafunzo ya uvuvi, kinafundisha mambo haya ya zana. Mtu wa aina yako angefaidika hata kwa kwenda siku moja kuuliza maswali. Jina la biashara lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, namba ya mlipakodi kachukue TRA, leseni halmashauri ya jiji, na kabla ya yote pita kwa Afisa Uvuvi umwoneshe unachotengeneza.

Afisa Uvuvi ananileta kwenye zile shilingi 300,000. Zirudishe kesho. Nyavu za uzi mmoja zimekatazwa na kanuni za uvuvi za mwaka 2009, zilizo chini ya Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003. Kukatazwa kwenyewe kuna sababu: wavu ule hauoni umri wa samaki, na ukipotea hauozi, unaendelea kuua peke yake chini ya maji. Baba alikuwa akifunga mlango wa dema kwa kamba ya mkonge kwa kuwa ndiyo rahisi kupatikana Tanga. Dema likipotea, kamba inaoza, mlango unafunguka, samaki wanatoka. Nailoni haina huruma hiyo. Nawe unajua kilichotokea hapahapa kwetu na majarife, zile nyavu za papa, ya maji marefu. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 yamenasa silikanti, samaki ambaye dunia ilidhani alikwisha mamilioni ya miaka iliyopita, hadi mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Chambo chako kinamshika samaki mmoja kwa wakati mmoja, mvuvi akiwa ameshika mshipi. Usibadilishe kazi hiyo kwa pesa ya mtu anayekutafuta kwa sababu hushukiwi.

Kiwanja kisiuzwe. Nilisema nitakujibu, na jibu ndilo hilo. Biashara yako haijafika mahali inahitaji kiwanja, imefika mahali inahitaji waya na dumu la maji. Kazi ya ghala usiiache hadi mauzo yako ya kusi na ya kaskazi, misimu yote miwili, yawe kwenye daftari ukaona mwezi mbaya kabisa unaingiza kiasi gani. Kusi likivuma ngalawa nyingi zinakaa pwani na wanunuzi wanapungua, na hiyo ndiyo miezi yako ya kuchonga na kukausha. Kaskazi bahari ikitulia, wavuvi wanatoka, nawe utoke nao.

Mkeo hajapinga chambo. Soma tena maneno yake mwenyewe uliyoniandikia: umekuwa mgeni nyumbani. Mwanamke aliyejibana kwenye kikoba miaka mitatu, ana mimba, na mume anakula na msasa mkononi, anaogopa. Kaa naye, mtoto akiwa amelala, umwambie mambo mawili kwanza kabla ya mengine yote: kwamba kiwanja hakiuzwi, na kwamba risasi imetoka uani na kwa nini. Hilo la pili litamuuma, na huenda atalia au atagomba. Mwache. Usijitetee kuwa hukujua, hata kama ni kweli. Kisha mwoneshe hesabu hii ya 60. Mtu aliyejua kujibana miaka mitatu anafaa kushika daftari la biashara kuliko wewe na mimi, mwombe alishike. Msasa uwe na saa zake, na chakula kiwe na chake.

Sasa Jumamosi. Niliposoma habari za Raskazone niliiweka barua chini kidogo. Kijana wangu, hukuanza kuchonga kwa sababu ulitaka karakana. Ulianza kwa sababu ulikuwa majini ukamwona samaki anafuata kitu na kukiacha, ukataka kujua kwa nini amekiacha. Macho hayo hayapatikani uani. Nawajua mafundi waliokaa barazani miaka kumi wakitengeneza zana ileile kwa namna ileile, hadi wavuvi wakabadilisha maji na mwendo na wao hawakujua. Kwa hiyo Jumamosi mbili katika mwezi ni za baharini, ziandike kwenye daftari kama siku za kazi, na mafuta yake yaingie kwenye gharama ya chambo. Chukua vyako viwili vipya na cha dukani kimoja. Jumamosi moja ni ya nyumbani, bila kisu. Iliyobaki chonga.

Na yule mvuvi aliyekurushia chambo miguuni, usimsubiri arudi. Cha kwanza kabisa kitakachopita usiku mzima na dumu la lita 20, mpelekee yeye, bure, alfajiri Deep Sea kabla hajatoka, mbele ya watu walewale. Mwoneshe waya unaingia wapi na unatokea wapi.

Shangazi